Ndoo Iliyolala Kavu

"Saa tisa alasiri mjane anapelekwa mahakamani," mkuu wa kituo alisema bila kuinua macho kwenye karatasi zake. "Shitaka ni mauaji kwa sumu. Usiniletee habari za labda."

"Sumu gani, mkuu?" Inspekta akauliza.

"Hiyo atatwambia daktari."

"Daktari amenipigia simu sasa hivi. Anasema hakuna sumu."

Mkuu wa kituo akainua macho. Alikuwa hajapata hata chai ya asubuhi, na kesi ya Baba Mikate ilikwishamkaa kooni. Tangu Jumapili watu wa mtaa mzima walikuwa wakija kituoni kwa zamu kuuliza mwanamke yule atanyongwa lini, na wengine walikuwa hawajawahi hata kumsalimia.

"Una mpaka saa tisa," alisema. "Ukirudi mikono mitupu, namfungulia shitaka na wewe unasaini."

Inspekta akachukua kofia yake. Pale kituoni walimwita Kupe, nao walimwita hivyo akishatoka tu. Alijua, na hakukasirika hata kidogo. Kupe akishashika ameshika, na mwanamke aliyepanda cheo katikati ya wanaume wale alikuwa ameitwa majina mabaya kuliko hilo.

Njiani kuelekea chumba cha maiti aliyapanga mambo kichwani, huku Koplo akiendesha gari na kupiga soga peke yake. Marehemu alikuwa mwenye tanuri la mikate. Miezi kadhaa nyuma, magunia ya unga yalimporomokea kichwani, akapona, lakini akapata ugonjwa ambao mtaa haukuwahi kuusikia. Alikunywa maji kama aliyevuka jangwa, na alikojoa vilevile, usiku na mchana, hata ikabidi ndoo ikae chumbani. Hospitali wakampa vidonge, akatulia. Jumapili alfajiri mkewe alimkuta amekufa kitandani. Mdogo wake, aliyekuwa akiliendesha tanuri wakati kaka yake akiuguza kichwa, alikula kiapo kwamba alimwona shemeji yake alfajiri ileile akimwaga ndoo ya mkojo mferejini na kuiosha kwa sabuni. Mke gani anaosha ndoo mumewe akiwa maiti kitandani? Mtaa ulijijibu wenyewe: ni mke anayeficha sumu.

"Mimi naona ni yeye, afande," Koplo alisema. "Halii kwa sauti. Mtu asiye na hatia analia kwa sauti."

"Siku yako ikifika nitakukumbusha ulie kwa sauti," Inspekta alisema. "Punguza mwendo."

*

Daktari wa maiti alikuwa mtu mwembamba aliyevaa buti za mpira, mwenye furaha isiyolingana na mahali pale.

"Mtu wako amezama," alisema.

"Amekutwa kitandani, daktari."

"Amezama kwa ndani. Njoo uone." Akaonyesha karatasi ya maabara, kisha akaikunja kabla haijasomwa, maana alipenda kueleza mwenyewe. "Nimepima maji ya jicho, kwa sababu hayo huwa hayaharibiki upesi mtu akifa. Chumvi imeshuka mno. Damu yake ilikuwa imechujuka kama supu iliyoongezwa maji mara tatu. Damu ikiwa hivyo, maji yanahamia ndani ya seli, na seli zinavimba. Ubongo nao ukavimba. Mguu ukivimba unavua kiatu. Ubongo umo ndani ya fuvu, utavua nini?"

"Kwa hiyo alikunywa maji mengi. Ndio ugonjwa wake."

"Mtu akinywa maji mengi anafanya nini?"

"Anakojoa."

"Huyu hakukojoa." Daktari akainua chupa ndogo kwenye mwanga. Ndani mlikuwa na kimiminika kidogo, cheusi kama chai iliyosahaulika jikoni. "Hiki ndicho kilichokuwa kwenye kibofu chake. Mkojo mzito wa mtu aliyefunga kunywa, ndani ya mwili uliojaa maji. Hivyo vitu viwili havikai nyumba moja, Inspekta. Labda awepo mtu wa kuvikutanisha."

Inspekta akavuta kigoda akaketi. Hakuwa na haraka ya kuonekana anajua. "Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua figo inakaa upande gani."

"Vizuri. Chini ya ubongo kuna tezi, ndogo kama punje ya njegere. Mwili ukianza kukauka, tezi inaachia homoni kwenye damu. Homoni inafika kwenye figo, kwenye mirija ambako mkojo unapita hatua ya mwisho. Ukuta wa mrija ni seli zimepangana. Kila seli ina kipokezi kwa nje, upande wa damu. Homoni ikikaa pale, seli inapata habari, na habari inakimbia ndani kwa ndani. Sasa, ndani ya seli kuna vijilango vya maji vimehifadhiwa, havina kazi. Habari ikifika, seli inavitoa na kuvipachika kwenye ukuta wa upande wa mkojo. Maji yanapita humo, yanarudi mwilini. Mkojo unabaki kidogo na mzito."

"Na homoni isipokuja?"

"Seli inavirudisha vijilango ndani. Maji hayana pa kupita, yanakwenda zake kibofuni. Ndivyo alivyokuwa Baba Mikate. Magunia yaliharibu tezi. Figo zake zilikuwa nzima kabisa, seli zimekaa tayari, ila hakuna wa kuziamuru. Ndiyo maana alijaza ndoo, na ndiyo maana alikunywa hivyo, ili arudishe kinachotoka. Vidonge alivyopewa ni homoni hiyohiyo ya kutengenezwa kiwandani. Akimeza, figo zinashika maji. Sharti ni moja: ukishameza, usinywe kupita kiu yako, kwa sababu maji hayatoki."

Inspekta akatoa maelezo ya mdogo wa marehemu kwenye mkoba na kuyasoma upya, kidole kikifuata mstari.

"Mdogo wake anasema dawa ilikwisha Ijumaa, na mjini haikupatikana."

"Basi kati ya mdogo wake na figo hizi, mmoja anadanganya," daktari alisema. "Na figo nimezishika mkononi."

*

Lakini dawa inaweza kutolewa na mkono wowote, na mkono uliokuwa karibu zaidi ulikuwa wa mke. Inspekta hakujidanganya juu ya hilo. Mwanamke aliyeficha vidonge, akavitia kwenye chakula, kisha akamjaza mumewe maji, angeacha maiti ileile. Ndiyo sababu aliporudi kituoni alimwita mjane kwenye chumba cha mahojiano, akafunga mlango mwenyewe, wala hakumpa pole.

Mjane alikuwa amevaa khanga aliyokamatwa nayo. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Jumamosi mumeo alikunywa nini?"

"Maji, afande. Maji tu, kutwa nzima." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Shemeji alikuja asubuhi akasema dawa haipo mji mzima. Akaniambia, shemeji, mnyweshe, usimwache akauke kama mara ile."

"Mara ile ipi?"

"Dawa ilichelewa. Alikauka mpaka akawa hajui hata jina langu. Hospitali wakamtundikia chupa za maji, ndipo akazinduka. Walituambia wote wawili, mimi na shemeji: akiwa na dawa asizidishe maji, akikosa dawa msimnyime maji."

"Kwa hiyo alikuwa na kiu."

Mjane akatikisa kichwa, na hapo macho yakajaa machozi. "Hakuwa na kiu. Nilimlazimisha. Alisema kichwa kinamuuma, akatapika, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, kama mara ile. Nikaona ndio kukauka kunaanza. Nikamwinua kichwa nikamnywesha kwa kikombe mpaka akalala."

Inspekta aliandika bila kumtazama. Kuna maswali ambayo mwanamke hapendi kuulizwa kuhusu mumewe, na lililofuata lilikuwa mojawapo.

"Haja ndogo alikwenda mara ngapi?"

Mjane akainamisha uso. "Mara moja. Asubuhi, kabla shemeji hajaja. Baada ya hapo hakuna. Nikasema masikini, amekauka hata tone hana. Nikazidi kumpa."

"Hakuna kitu kingine alichokunywa?"

"Maziwa. Shemeji aliyaleta kwenye chupa ya chai kutoka tanurini, asubuhi na jioni. Alikunywa peke yake, mimi maziwa yananivuruga tumbo. Shemeji anajua." Akajifuta kwa pindo la khanga. "Alikuwa akimhangaikia sana kaka yake. Jumatatu mume wangu alikuwa arudi kazini, daktari alishamruhusu. Alikuwa amefurahi kama mtoto. Alishamwambia mdogo wake amrudishie funguo za tanuri."

Kalamu ya Inspekta ikasimama.

"Ndoo uliiosha lini?"

"Jumamosi asubuhi, alipomaliza haja. Nikaiosha, nikaikausha, nikanyunyiza magadi soda chini kwa ajili ya harufu. Sisi watu wa mikate magadi hayatuishii. Tangu hapo sijaigusa. Ya nini, afande? Haikutumika."

*

Chumba cha marehemu kilikuwa nyuma ya tanuri, kimefungwa kwa utepe na kufuli la polisi tangu Jumapili. Inspekta alifungua mwenyewe. Kitanda, kikombe, jagi tupu, na pembeni ya kitanda ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Askari wa kwanza aliyefika hakuwa ameifunua. Aliambiwa imeoshwa, akaandika imeoshwa, akaenda zake.

Inspekta akavaa glavu, akainua kifuniko, akamulika tochi.

Chini ya ndoo mlikuwa na magadi, meupe, laini, yametandazwa kama aliyenyunyiza alikuwa na siku yake nzuri. Hayakuwa na doa wala bonge. Akaipinda ndoo kidogo, na unga ukateleza upande mmoja, mkavu kabisa.

"Piga picha," alimwambia Koplo.

Koplo alipiga, kisha akajikuna kisogo. "Lakini afande, je kama aliiosha alfajiri halafu akanyunyiza mengine?"

Lilikuwa swali zuri, na Inspekta alimpa haki yake. "Anayemwaga ushahidi mbiombio, majirani wanaamka, mume ni maiti. Anaosha, anaikausha ndoo kwa kitambaa isibaki hata tone, halafu ananyunyiza magadi ya kuua harufu. Harufu ya mkojo wa nani, Koplo? Nani atakojoa humo tena?"

Koplo akapiga picha ya pili, karibu zaidi.

Inspekta akampigia mwenye duka la dawa, simu ikapokewa mara moja. Mwanamke yule alikuwa na sauti ya mtu aliyesimama siku nzima.

"Vidonge vile? Namwagizia mtu mmoja tu mji huu, masikini, na sasa amefariki. Vilifika Ijumaa, mdogo wake akaja kuchukua mchana huohuo. Namkumbuka sana, aligombana na watu kwenye foleni."

"Uliwahi kumpa vyenye nguvu zaidi kwa bahati mbaya?"

"Afande!" Mwanamke aliudhika. "Ni vilevile vya siku zote. Na nilimwambia avitunze pakavu, mbali na joto na mvuke, maana wao wanaishi tanurini."

Inspekta akamshukuru, akakata simu. Ukutani mwa chumba, nyuma ya kitanda, alihisi joto la tanuri kwenye kiganja chake. Mahali pakavu, mbali na joto na mvuke. Kila kona ya jengo lile ilikuwa na jasho.

"Koplo, waokaji wanaweka wapi hamira?"

"Kabatini, afande. Hamira haitaki joto."

"Ufunguo wa kabati anao nani?"

Koplo alikuwa ameshaanza kutoka kwenda kuchukua hati ya upekuzi.

*

Mdogo wa marehemu aliwapokea kwa adabu zote. Kiunoni alikuwa na shada la funguo lililolia kila alipopiga hatua, na kabla Inspekta hajaketi kwenye ofisi ndogo iliyotazamana na tanuri, alishamfutia kiti kwa leso.

"Karibu sana, afande. Tunazika lini? Mama yetu hali kitu."

"Karibuni tu. Nimekuja kuhakikisha maelezo yako, mahakamani watakuuliza." Inspekta alifungua jalada taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. "Ndoo. Ulimwona akiimwaga?"

"Kwa macho yangu haya."

"Ilikuwa imejaa?"

"Pomoni. Aliishika kwa mikono miwili."

"Una hakika? Wakili atasema ilikuwa giza."

"Afande, mimi ndiye niliyekuwa nikimwagia kaka ndoo hiyo kabla ya dawa. Naujua uzito wake. Kaka akikosa dawa usiku mmoja tu, ndoo inajaa mpaka inamwagika. Na dawa alikuwa hana, nilizunguka mji mzima sikuipata."

"Kwa hiyo ndoo ikijaa, maana yake hajameza dawa."

"Hasa."

"Na isipojaa?"

Akasita. Kupitia dirishani, Koplo na askari mwingine walikuwa wamesimama mbele ya kabati la hamira, na askari alikuwa ameshika mtaimbo.

"Wanafanya nini pale?"

"Wanapekua, hati hii hapa. Tupe ufunguo, tusikuharibie mlango. Nilikuuliza, isipojaa?"

Mkono wa mdogo wa marehemu ulikwenda kwenye funguo, ukakaa hapo. Inspekta akanyoosha wake, kiganja wazi, akasubiri. Alikuwa hodari wa kusubiri. Mwishowe shada zima likatua kiganjani, zito, lenye joto la mwili, naye akampa Koplo kupitia dirishani.

"Ulisema ulichokijua," Inspekta alisema. "Miezi yote uliona kaka yako akikosa dawa ndoo inajaa, basi ulipotunga usiku asiokuwa na dawa, ukaijaza ndoo. Ila nimeifunua mimi mwenyewe. Magadi ya Jumamosi asubuhi yamo ndani, makavu. Hakukojoa kutwa wala kucha. Daktari amekuta maji yote yamebaki mwilini, na figo haziwezi kuyashika hivyo bila homoni. Kichwa cha kaka yako hakikuwa nayo. Ilitoka wapi?"

"Shemeji anaweza kuwa…"

"Shemeji yako hakwenda duka la dawa Ijumaa mchana akagombana kwenye foleni."

Koplo akaingia. Mkononi alikuwa na kopo la hamira, na juu ya hamira, pakavu kabisa, pamelala pakiti ya vidonge iliyotobolewa nusu. Mtaa mzima ulikuwa ukitafuta sumu, na mtu huyu hakuona haja ya kutupa dawa.

Aliketi kama gunia lililokatwa kamba.

"Sikutaka afe," alisema. "Naapa. Hospitali walisema akizidisha maji na dawa, kichwa kinamuuma, anapotea akili kidogo. Nilitaka apotee kidogo tu. Waseme bado hajapona, abaki nyumbani. Mimi nimeamka alfajiri miezi yote hii, afande. Jumatatu angenyoosha mkono tu nimpe funguo, nirudi kubeba magunia."

"Ulitia kwenye maziwa."

"Ndiyo."

"Na maji?"

Akaangalia sakafu. "Maji nilijua atampa shemeji. Anampenda. Nilijua hataacha."

Inspekta alikuwa amesikia maungamo mengi, mengine ya damu, na yalimpita. Hili lilimkera. Alimfunga pingu mwenyewe, na hakuzilegeza.

*

Saa tisa haikuwa imefika. Mkuu wa kituo alisoma maelezo mara mbili, akanung'unika kitu kuhusu kupe, akasaini hati ya kumwachia mjane.

Mjane alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi, mikono mapajani. Inspekta aliketi kando yake. Angeweza kumpa karatasi na gari la kumrudisha nyumbani, mengine akayasikie mahakamani, kutoka kwa wakili asiyemjua. Alilifikiria hilo, akalikataa. Akamweleza yote, tangu maziwa mpaka kopo la hamira, kwa maneno mepesi, bila kuruka mahali.

Mjane alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo maji yale," alisema, "ndiyo yaliyomuua."

"Maji pamoja na dawa."

"Nilimpa mimi. Alisema hataki. Alinishika mkono, afande, akasema mama watoto, inatosha. Nikamwambia kunywa."

"Uliambiwa hana dawa. Ingekuwa kweli hana, kikombe hicho ndicho kingemwokoa. Ulifanya kama hospitali walivyokufundisha, na yule alijua utafanya hivyo. Ndiyo maana alikuchagua wewe." Inspekta akatafuta la kuongeza, akaona hakuna. "Kesi ni ya kwake. Nitalisema hilo mahakamani, mbele ya mtaa mzima, mpaka walielewe."

Ndipo mjane akalia, na safari hii kwa sauti, sauti kubwa iliyowafanya askari wa zamu kuinamisha vichwa. Koplo, ambaye alikuwa na la kusema kuhusu kila kitu, aliondoka kimya, akarudi na glasi ya maji, akaiweka kwenye benchi.

Alipotulia, mjane aliitazama glasi ile. Hakuigusa. Akaisogeza mbali kidogo kwa ncha ya kidole.

"Umekunywa lini mara ya mwisho?" Inspekta akauliza.

"Tangu Jumapili kinywa hakikubali."

"Kiu unayo?"

Mjane akalamba midomo iliyopasuka. "Ninayo."

Inspekta akaichukua glasi, akanywa nusu, polepole, mjane akimtazama koo. Kisha akamwekea iliyobaki mkononi, akakaa pale pale kando yake mpaka alipoimaliza.